Windows iliyokuja na mashine, bila CD: uchambuzi wa kisa cha kompyuta ya steshenari

Kisa hiki ni cha mwaka 2024. Nakiandika kwa urefu kwa sababu swali lililomo ndani yake naulizwa kila mara: kompyuta imenunuliwa ikiwa na Windows tayari, boksi halikuwa na CD wala flashi, sasa diski inakufa. Ile Windows iliyolipiwa dukani inapatikanaje tena?

Mashine yenyewe ni kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 1, na Windows 10 Home Single Language iliyowekwa kiwandani. Mwenyewe, dada mmoja, ana steshenari mjini Morogoro na anachapa mitihani ya shule. Mashine ilikuwa inachelewa mno kuwaka, Word ikifunguliwa inaganda, na ukitega sikio ulisikia diski ikigonga. Alishaipeleka kwa fundi mwingine, ambaye alichomeka flashi yake ili apige Windows upya. Usakinishaji ukagoma hatua za mwanzo kabisa, na ujumbe uliosema ufunguo wa bidhaa haulingani na Windows yoyote iliyomo kwenye flashi. Fundi akamwambia leseni ya mashine imeharibika, dawa ni kuweka Pro, toleo jingine la Windows, na kuiamsha kwa programu ya kuvunja leseni. Dada akakataa. Mitihani ya muhula ilikuwa humo ndani na hakutaka mtu aguse kitu.

Alipofika kwangu swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Fundi, kwani mimi nilipewa Windows feki?"

"Hapana dada. Hiyo iliyokataa ndiyo iliyokuonyesha kwamba ni halali."

Ujumbe ule haukusema kwamba leseni imekufa. Tangu Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, kampuni zinazouza kompyuta zenye Windows huandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya madabodi, kwenye jedwali la ACPI (orodha ya taarifa ambazo madabodi huipa Windows) linaloitwa MSDM. Kila mashine ina ufunguo wake. Ndiyo maana stika ya siku hizi haina zile herufi na tarakimu 25 zilizokuwa chini ya mashine za Windows 7. Ukianza kusakinisha, programu ya usakinishaji husoma jedwali hilo, huona ufunguo ni wa toleo gani, kisha huenda kutafuta toleo hilo ndani ya flashi. Ufunguo wa dada huyu ulikuwa wa Home Single Language. Flashi ya fundi yule ilikuwa imepunguzwa ikabaki na Pro peke yake, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya ili kuokoa nafasi. Usakinishaji ulitafuta Single Language, ukaikosa, ukasimama. Kwa hiyo leseni ilikuwa nzima na ilikuwa inasomeka. Kilichopungua ni flashi.

Nimeona mashine nyingi zikivunjwa leseni hapo hapo, kwa kosa hilo hilo, na linaniuma. Mtu amelipia Windows ndani ya bei ya kompyuta, kisha anawekewa programu ya kuvunja leseni ambayo mara nyingi hudai antivirusi izimwe kwanza ndipo ifanye kazi. Anapoteza kitu halali alichokuwa nacho, anafunguliwa mlango wa wizi, na bado analipa gharama ya ufundi.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja nilithibitisha mambo mawili kwa amri, Windows ya zamani ikiwa bado inawaka. Kwanza, ufunguo upo kwenye madabodi au haupo. Ndani ya PowerShell, dirisha la amri la Windows:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikikujibu kwa herufi 25, upo. Ikirudisha mstari mtupu, ama mashine ni ya kabla ya Windows 8, ama haikuuzwa na Windows, ama madabodi ilibadilishwa. Pili, toleo lililomo:

dism /online /get-currentedition

Jibu lilikuwa CoreSingleLanguage, ndilo jina la ndani la Home Single Language. Nililiandika pembeni, kwa sababu jina hilo ndilo lililoamua flashi mpya iwe na nini.

Baada ya hapo nilihamishia nguvu zote kwenye mitihani. Diski inayogonga haina ahadi, na kila dakika unayoitumia kwa jambo lingine unaila akiba ya mteja. Taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, zilionyesha sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na nyingine zinazosubiri kuhamishwa, zikiongezeka. Nilichomeka diski ya nje nikakopi kwa robocopy, amri ya Windows ya kukopi mafaili, na hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui mpaka liwagharimu: robocopy ikishindwa kusoma faili, kwa kawaida yake hujaribu tena mara milioni moja, na kila jaribio husubiri sekunde 30. Kwenye diski mbovu faili moja linaweza kuishikilia hapo mpaka diski ife. Ndiyo maana niliandika /R:1 /W:1 mwishoni mwa amri, yaani ijaribu mara moja tu, isubiri sekunde moja, iendelee mbele. Mafaili machache yaligoma, karibu yote ya muda ya Word. Mitihani ilitoka.

Sasa flashi. Dada alisema CD, kama wengi wanavyosema, lakini mashine haikuwa na sehemu ya kuwekea CD, na hata ingekuwa nayo, DVD ya kawaida hubeba GB 4.7 tu wakati ISO (faili moja lenye diski nzima ya usakinishaji) ya Windows 10 toleo la 22H2 ya biti 64 kwenye tovuti ya Microsoft inazidi GB 5. Ungehitaji DVD ya tabaka mbili ya GB 8.5, nayo siku hizi kuipata dukani ni kazi. Nikachagua flashi ya GB 16.

Wazo la kwanza, na kwa mashine nzima ndilo ninalolipendekeza, ni kuiachia Windows yenyewe itengeneze flashi ya uokoaji kutokana na kile ilicho nacho. Unatafuta recoverydrive kwenye menyu ya Anza, unaweka alama kwenye kisanduku cha kukopi mafaili ya mfumo, unachomeka flashi ya GB 16 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji maana itafutwa yote, kisha unasubiri. Haili bando hata kidogo, na kwa mtu anayenunua intaneti kwa GB hilo si jambo dogo. Kuna mtego mmoja tu: wengi huondoa alama kwenye kile kisanduku kwa sababu flashi yao ni ndogo au wana haraka. Flashi hutengenezwa, huwaka vizuri, huonyesha menyu ya matengenezo, na siku ya shida ndipo inagundulika kwamba haina Windows ya kusakinisha. Ina vifaa vya kutengenezea mfumo uliopo, basi. Kama diski imebadilishwa, hakuna mfumo wa kutengeneza.

Kwenye mashine hii njia hiyo ilishindwa. Windows 10 haikopi taswira (nakala nzima ya mfumo) ya kiwandani inapotengeneza flashi hiyo. Inakusanya mafaili ya mfumo kutoka C:, hasa kwenye folda ya WinSxS, na kuyafunga kuwa faili moja kubwa. Maana yake lazima isome mafaili ya mfumo moja baada ya jingine, na diski ya dada ilikuwa na sekta zisizosomeka katikati ya mafaili hayo hayo. Ilifika mahali ikasema haiwezi kutengeneza flashi. Haikusema kwa nini, na mtu asiyeijua diski yake angejaribu flashi nyingine, kisha nyingine, huku diski ikizidi kuchoka.

Nikatazama patisheni ya kiwandani, yaani sehemu ya diski iliyotengwa na kampuni. Diski ilikuwa imegawanywa kama mashine nyingi za aina hiyo: patisheni ndogo ya EFI ya kuwashia mashine, ya MB 260, C: yenyewe, patisheni ya mazingira ya matengenezo, na mwishoni patisheni ya kama GB 14 yenye jina la RECOVERY. Watu huiona hiyo wakadhani ni akiba. Si akiba, kwa sababu iko kwenye diski ile ile inayokufa. Siku diski ikizimika inazimika pamoja na C:. Na hata ikisomeka, kilichomo ni Windows ya siku mashine ilipotoka kiwandani, 2018, pamoja na programu zote za majaribio alizobandikwa mnunuzi, imepangwa kwa mtindo wa kampuni iliyoitengeneza mashine. Kuigeuza kuwa flashi ya kawaida kunawezekana kwa baadhi ya kampuni, kwa kuunganisha vipande vya .swm na kuviweka mahali pa install.wim (faili kubwa linalobeba Windows yenyewe), lakini baada ya hapo unakaa na masasisho ya miaka sita. Niliikopi yote kwenye diski ya nje nikaiacha huko.

Njia ya tatu ndiyo wanayoipenda vijana wa maabara za kompyuta: kuipiga picha C: nzima kwa DISM, chombo cha Windows cha kushughulikia taswira, baada ya kuiandaa kwa sysprep, kinachoondoa utambulisho wa mashine kwenye mfumo, kisha kuiingiza ile picha ndani ya flashi ya usakinishaji. Inavutia kwa sababu programu zote za mteja huja nazo. Kwa kisa hiki niliiondoa mapema. Mfumo uliokaa miaka sita kwenye steshenari, umepokea flashi za kila mteja anayekuja kuchapa, si mfumo wa kupigwa picha. Ugonjwa wote ungehamia kwenye SSD mpya, diski isiyozunguka niliyokusudia kuiweka. Isitoshe, sysprep hugoma mara kwa mara kwenye Windows 10 ya nyumbani kwa sababu ya programu za Store zilizosasishwa kwa mtumiaji mmoja, na sababu unaisoma kwenye setupact.log ndani ya folda ya Panther. Kwa shule yenye mashine nyingi zinazofanana njia hii ina nafasi yake, ila haki ya kusambaza taswira moja kwenye mashine nyingi inatokana na leseni za jumla za Microsoft, si zile zilizokuja na mashine.

Labda niseme neno kwa wale ambao bado wanatafuta folda ya I386. Kwenye Windows XP ilikuwa kweli: mashine nyingi zilikuja na folda hiyo ndani ya C:, na ukiongeza sekta ya kuwashia uliweza kuichoma kwenye CD ya MB 700 ukapata diski kamili ya usakinishaji. Kuanzia Vista, iliyotoka kwa wananchi Januari 2007, usakinishaji ulihamia kwenye taswira za .wim, na folda ile haipo tena. Maelekezo ya zamani yanayoitaja hayatakusaidia kwa Windows 10 au 11.

Hivyo nilichukua kutoka kwenye mashine vile tu ambavyo mashine peke yake ndiyo ingeweza kunipa, na mafaili ya Windows nikayatoa kwa Microsoft. Ufunguo haukuhitaji kutolewa. Uko kwenye madabodi na haubanduki kwa kubadili diski. Jina la toleo nilikuwa nalo. Kilichobaki ni draiva, programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia kila kifaa, na hapo ndipo mashine mbovu ilikuwa na thamani kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Kwa amri moja:

dism /online /export-driver /destination:E:\Draiva

Windows ilitoa draiva zote za watu wengine zilizosakinishwa tangu mwanzo, kila moja kwenye folda yake: Wi-Fi, sauti, padi ya kugusa, kisomaji cha kadi, printa mbili za dada. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Baadaye mtu anamaliza kupiga Windows, mashine haioni Wi-Fi, draiva ya Wi-Fi iko kwenye intaneti, na intaneti haipatikani bila Wi-Fi. Mashine hii ilikuwa na kadi ya Realtek ya aina ambayo nimeshaiona ikisahaulika na Windows mpya, kwa hiyo sikutaka kubahatisha.

ISO niliipakua kwenye ofisi ya rafiki yenye faiba, nikiwa na kompyuta nyingine, na nikaihakiki kabla ya kuigusa:

certutil -hashfile Win10.iso SHA256

Namba inayotoka unailinganisha na ile iliyo kwenye ukurasa wa upakuaji wa Microsoft. Upakuaji wa zaidi ya GB 5 unaweza kukatika katikati au kuharibika kimyakimya, na ISO zinazopitishwa mkono kwa mkono huwa zimeguswa. Dakika mbili za kulinganisha namba zinakuondolea mashaka ya mwezi mzima.

Kulikuwa na kizuizi kimoja ambacho ni vizuri kukijua. Mashine za UEFI, yaani mfumo wa kuwashia wa mashine za kisasa, huwaka kwa uhakika kutoka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ndani ya ISO hii install.wim inazidi GB 4. Ukijaribu kuikopi Windows inakuambia faili ni kubwa mno kwa flashi, hata kama flashi ina GB 60 za bure. Ziko programu zinazozunguka tatizo hili kwa kufomati NTFS na kuongeza kipande kidogo cha kuwashia, nazo hufanya kazi. Mimi nilipendelea kuikata:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Faili moja likawa mawili, yote chini ya GB 4, na programu ya usakinishaji inayatambua yenyewe bila kuambiwa. Mafaili mengine yote ya ISO yalikopiwa kama yalivyo, ila hilo moja.

Kwenye mzizi wa flashi nikatengeneza folda inayoitwa $WinPEDriver$, alama za dola zikiwa mbele na nyuma. Windows Setup huitafuta folda hiyo bila kuulizwa, hupakia draiva zilizomo na kuziacha ndani ya mfumo mpya. Niliweka draiva ya Wi-Fi na za chipseti tu. Draiva zilizobaki, zikiwamo za skrini zilizo kubwa, nilizihifadhi kwenye folda ya kawaida, maana ukiirundikia folda ile usakinishaji unachelewa na wakati mwingine unaanguka. Kwenye mashine za Intel za kizazi cha 11 kwenda mbele folda hii huokoa jambo jingine pia: nyingi huja zikiwa na VMD, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, umewashwa, na bila draiva ya Intel usakinishaji hauoni diski yoyote. Mtu anadhani SSD imekufa kumbe inahitaji draiva moja.

Flashi ilipokamilika niliijaribu kwenye mashine ile ile, diski ya zamani ikiwa bado ndani. Niliiwasha kutoka kwenye menyu ya kuwashia, ikafika kwenye chaguo la lugha, nikabonyeza Shift na F10 kufungua dirisha la amri, nikaandika diskpart kisha list disk kuona inatambua nini. Kisha nikaizima bila kusakinisha chochote. Flashi ambayo haijawahi kuwasha mashine yake haistahili kuaminiwa, na muda wa kujua ni wakati bado una njia nyingine.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Diski ya kuzunguka ikatoka, SSD ya GB 512 ikaingia, mashine ikawaka kutoka kwenye flashi. Haikuuliza ufunguo, wala haikuonyesha orodha ya kuchagua Home au Pro. Ilisoma MSDM ikaenda moja kwa moja kwenye Single Language. Dada alikuwa amekaa pembeni na alishangaa hapo.

"Mbona safari hii haikukataa?"

"Imekipata inachokitafuta, dada."

Mfumo ulipofunguka, Wi-Fi ilikuwa inafanya kazi tayari. Draiva zilizobaki zikaingia kwa pnputil, amri ya kusakinisha draiva, kutoka kwenye flashi, printa zake zikaitika, na ilipounganishwa na intaneti Windows ikajiamsha yenyewe. Niliithibitisha kwa slmgr /xpr mbele yake: imeamshwa moja kwa moja, haina tarehe ya kuisha. Word ilikuwa habari nyingine. Office iliyokuja na mashine haikai kwenye madabodi kama Windows. Imefungwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyoiamsha mara ya kwanza, na ilibidi tumtafute mdogo wake aliyeifungua akaunti hiyo mwaka 2018 ili tupate neno la siri. Kama mashine yako ilikuja na Office, andika leo ni akaunti gani iliyotumika.

Diski ya zamani nilimrudishia. Flashi ikabaki kwake ikiwa na jina la mashine, toleo la Windows na folda za draiva, na nilimwomba asiitumie kubebea mitihani.

Tangu wakati huo mambo mawili yamebadilika. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kisa kama hiki kikija kwangu leo kwa mashine hiyo hiyo nitatengeneza flashi ya Windows 11. Prosesa za Intel za kizazi cha 8 zimo kwenye orodha inayokubalika, na ufunguo ule ule wa MSDM unaiamsha. Jingine ni usimbaji wa diski. Mashine mpya nyingi hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na ukiitoa diski hiyo kwenda kukopi mafaili kwenye mashine nyingine utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48 unaokaa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Siku hizi manage-bde -status, inayoonyesha kama diski imefungwa, ndiyo amri yangu ya kwanza kabisa, kabla ya robocopy, kabla ya kugusa skrubu.